Mwongozo wa Kuitembelea Malindi kwa Kufuata Upepo, Maji na Historia ya Mji

Wageni wengi hufika Malindi wakiwa na nia ya kuota jua na kuogelea, na mji huwapokea kwa moyo mkunjufu kama ulivyozoea kuwapokea wageni kwa zaidi ya miaka mia sita. Hata hivyo, anayebaki ufukweni kwa siku zote za likizo yake huondoka bila kujua kwamba alikuwa amelala hatua chache kutoka kwenye kaburi la karne ya 15, au kwamba bustani aliyoipita kwa tuktuk imebeba jina la mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya serikali ya kikoloni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye siku nne au tano, anayetaka kuogelea na pia kuuelewa mji. Umepangwa kwa utaratibu ambao manahodha wa pwani wameufuata tangu zamani, nao ni upepo kwanza, kisha maji, kisha safari yenyewe. Ninausisitiza utaratibu huu kwa sababu makosa mengi ya wageni hapa hutokana na kuipanga ratiba kwa saa ya mkononi bila kuiuliza bahari.

Hatua ya kwanza: Chagua msimu

Pwani ya Kenya hutawaliwa na pepo mbili kuu. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na katika miezi hiyo bahari hutulia, maji huwa maangavu na joto huwa kali. Kusi hushika zamu kuanzia Aprili, ikija pamoja na mvua za masika, na hadi Septemba bahari huwa na mawimbi makubwa zaidi. Kati ya pepo hizo kuna vipindi vifupi vya matlai, na mvua ndogo za vuli hunyesha zaidi mwezi wa Oktoba na Novemba.

Malindi ina jambo moja la ziada ambalo Watamu na Diani hazinalo, nalo ni mto Sabaki, unaoingia baharini kaskazini tu mwa mji. Mto huu, ambao sehemu zake za juu huitwa Athi na Galana, hukusanya udongo mwekundu kutoka bara, na mvua zinapokuwa nyingi ghuba ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Mgeni asiyejua hudhani kwamba bahari imechafuliwa, kumbe ni udongo wa mashamba ya mbali unaosukumwa hadi hapa. Kwa hiyo, anayetaka kuona matumbawe na aje kati ya Desemba na katikati ya Machi, ilhali anayependa bei nafuu, mji mtulivu na mashamba ya kijani anaweza kuja mwezi wa Julai au Agosti, mradi asitarajie maji ya kioo na asishangae kuukuta mwani mwingi ufukweni.

Wavuvi wa samaki wakubwa wa kina kirefu, hasa sulisuli, nao huuchagua msimu wa kaskazi. Uvuvi huo wa burudani ulianza kuipa Malindi sifa katika miaka ya 1930, wakati hoteli za kwanza za wageni zilipofunguliwa, na mwandishi Ernest Hemingway alikuwa miongoni mwa waliovua katika maji haya mwaka 1934.

Hatua ya pili: Jua saa za maji kabla ya kupanga siku yoyote

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mgeni alishike hata akisahau mengine yote. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pamoja na siku chache zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4. Katikati ya vipindi hivyo huwa ni maji mafu, ambapo bahari hupanda na kushuka kidogo tu.

Faida ya kulijua hili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, wakati jua limekwisha kupanda na mwanga unapenya vizuri hadi chini. Hizo ndizo siku za kwenda kwenye matumbawe, kutembea juu ya mchanga uliofichuka na kuangalia wavuvi wanavyotafuta pweza kwenye mwamba. Katika maji mafu hali hugeuka, kwa kuwa maji hujaa asubuhi na kupwa kuelekea jioni; basi asubuhi hizo zitumie kwa kuogelea karibu na hoteli, au kwa kwenda kwenye magofu ya Gede na mji wa Mambrui, ambako bahari haina amri juu ya ratiba yako.

Tazama mwezi usiku wa kwanza utakapofika. Ukiuona mwembamba sana au umejaa kamili, panga safari ya bahari kesho au keshokutwa. Ukiuona nusu, anza na mji na magofu, na uiache bahari mwishoni. Mhudumu wa hoteli anaweza asijue saa za maji, lakini mvuvi yeyote atakayekutana nawe sokoni anazijua kwa moyo, na swali lako ukiliuliza baada ya salamu nzuri litajibiwa kwa furaha.

Hatua ya tatu: Kufika na kuzunguka

Malindi iko katika Kaunti ya Kilifi, takriban kilomita 120 kaskazini mwa Mombasa. Anayetoka Nairobi anaweza kuruka moja kwa moja hadi uwanja mdogo wa ndege wa Malindi, au kupanda treni ya Madaraka Express hadi kituo cha Mombasa kilichoko Miritini, kisha akaendelea kwa basi au matatu. Barabara hupita Mtwapa, Kilifi na kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, na ukivuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991, tazama pande zote mbili kwa sababu ile hori ni mojawapo ya mandhari nzuri zaidi katika safari nzima. Mjini kwenyewe tuktuk hutosha kwa mambo yote. Patana nauli kabla ya kupanda. Nguo za kuogelea ziache ufukweni, na ukiingia mitaa ya mji wa kale jifunike mabega na magoti. Leso moja mkobani inatosha kwa mwanamke.

Hatua ya nne: Tenga asubuhi moja nzima kwa mji wa kale

Anza mapema, saa moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Kunywa chai kwa mahamri na mbaazi za nazi katika mkahawa wowote wenye wateja wengi, kisha elekea ufuoni ambako wavuvi huteremsha samaki. Changu, tafi, pono, nguru na jodari hupangwa chini na bei hutangazwa kwa sauti. Ukitaka kupiga picha, omba kwanza.

Kutoka hapo nenda kwenye Msikiti wa Jumaa na makaburi yake mawili ya mnara; la zamani zaidi limesimama tangu karne ya 15. Makaburi ya aina hii hupatikana katika miji ya Waswahili ya pwani hii, na yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kwa heshima ya watu wakubwa. Mgeni asiye Mwislamu anaweza kuyatazama akiwa nje bila kuingia msikitini, na ni adabu kutofika wakati wa swala, hasa Ijumaa adhuhuri.

Simama mahali hapa kwa muda zaidi kuliko vitabu vya wageni vinavyoshauri, kwa sababu ni hapa ambapo watu walinadiwa na kuuzwa hadi mwaka 1873, mwaka ambao Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuyafunga masoko ya watumwa. Malindi ilikuwa imedhoofika kwa muda mrefu ilipohuishwa na Sultani Majid wa Zanzibar mwaka 1861, na kilichoihuisha kilikuwa jasho la watumwa waliolima mashamba ya nafaka na ufuta yaliyouzungukia mji. Wengi walitoroka na kuanzisha makazi yao msituni na bara, wakajulikana kwa jina la watoro. Biashara ya watumwa ilipokoma utumwa wenyewe uliendelea, na haukufutwa kisheria katika eneo hili hadi mwaka 1907. Familia nyingi za Malindi zina mizizi katika pande zote mbili za historia hiyo, na ndiyo maana nashauri mazungumzo juu yake yafanywe kwa sauti ya chini na kwa kusikiliza zaidi kuliko kuuliza.

Kisha ingia Makumbusho ya Malindi, yaliyo katika Nyumba ya Nguzo, jumba la mfanyabiashara lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19. Tenga saa moja. Humo kuna samaki aliyehifadhiwa aitwaye silakanti, aliyevuliwa katika maji ya Malindi mwaka 2001. Wanasayansi walikuwa wameamini kwamba jamii ya samaki huyo ilitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, pamoja na dinosaria, hadi mmoja aliponaswa Afrika Kusini mwaka 1938. Watoto humpenda kuliko kitu kingine chochote katika jumba hilo. Unapolipa kiingilio uliza kama tikiti hiyo inakuruhusu pia kuingia kwenye kanisa dogo la Wareno na Nguzo ya Vasco da Gama, utakazoziona baadaye asubuhi hiyo, kwa kuwa maeneo yote matatu yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Kanisa hilo dogo la Wareno ni chumba kimoja kilichoezekwa kwa makuti, kikizungukwa na makaburi. Mwaka 1542 mmisionari Francis Xavier alitua hapa akiwa njiani kuelekea Goa, Bara Hindi, na akamzika baharia aliyefia safarini. Katika barua aliyoiandika baadaye mwaka huo alieleza kwamba mkazi mmoja mwenye heshima wa Malindi alimlalamikia kuwa mji una misikiti 17 lakini ni mitatu tu inayoswaliwa. Ukikaa kwenye kivuli cha kanisa hilo, ni vyema kukumbuka kwamba mji uliokuwa na misikiti 17 haukuwa kijiji cha wavuvi.

Malizia asubuhi kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, iliyo kwenye ncha ya mwamba kusini mwa ghuba. Msalaba ulio juu ni wa jiwe lililoletwa kutoka Ureno, na mnara mweupe unaoushikilia uliongezwa baadaye ili kuukinga. Wengi hupiga picha na kuondoka, ilhali hapa ndipo panapofaa kuielewa siasa ya Malindi. Da Gama, nahodha wa Kireno aliyekuwa akitafuta njia ya kwenda Bara Hindi, alifika katikati ya Aprili 1498 akiwa amefarakana na watu wa Mombasa. Malindi ilikuwa hasimu wa Mombasa na haikuwa na bandari nzuri kama ile, hivyo sultani wake aliona katika wageni wale nafasi ya kupata mshirika mwenye mizinga. Alimlaki kwa mashua, akipigiwa siwa za pembe za ndovu, na sherehe zikaendelea kwa siku tisa. Alimpa rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi. Mara nyingi utasikia kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa wa unajimu wa bahari kutoka Uarabuni, lakini wanahistoria wengi hawaikubali tena simulizi hiyo na huamini kwamba alikuwa Mgujarati.

Merikebu ziliondoka tarehe 24 Aprili, mwanzoni mwa kusi, zikafika karibu na Kalikati, mji wa Bara Hindi, tarehe 20 Mei. Wakati wa kurudi Da Gama hakuungoja msimu, akaondoka huku upepo ukiwa kinyume chake. Alikaa baharini kwa karibu miezi mitatu, mabaharia wengi wakafa kwa ugonjwa wa kiseyeye, na akaiona tena Malindi Januari 1499. Sijui somo bora zaidi kuhusu pepo za pwani hii kuliko safari hizo mbili zikiwekwa bega kwa bega.

Urafiki huo uliinufaisha Malindi kwa miaka mia moja hivi, kisha ukaigharimu. Baada ya Mombasa kuvamiwa na Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, mwaka 1589, Wasegeju, watu wa pwani hii waliokuwa wakiisaidia Malindi, waliitwaa Mombasa na kumkabidhi mtawala wa Malindi. Mwaka 1593 Wareno walianza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, mtawala akahamia huko, na mji wake wa asili ukaanza kupungua hadi ukabaki magofu.

Rudi mjini kwa tuktuk kabla ya saa sita. Jua la adhuhuri kwenye mwamba ule halina huruma.

Hatua ya tano: Pita katika bustani ya Mekatilili

Katikati ya mji kuna bustani iliyokuwa ikiitwa Uhuru, ambayo mwaka 2010 ilipewa jina la Mekatilili wa Menza wakati sanamu yake ilipozinduliwa. Nenda jioni, wakati wenyeji wanapopumzika kwenye vivuli, na uende ukiwa umeshajua habari zake, kwa kuwa sanamu haiwezi kujieleza.

Mwaka 1913 serikali ya Waingereza iliwataka Wagiriama, mojawapo ya jamii za Wamijikenda wa pwani hii, walipe kodi ya nyumba, watoe vijana wa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na wahame kutoka ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki, ambako mashamba yao ya mahindi yalikuwa yakiilisha Malindi. Mekatilili, mjane wa makamo, alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya maombolezo, na watu walipokusanyika aliwahutubia na kuwalisha kiapo. Husimuliwa kwamba katika baraza moja alileta kuku na vifaranga vyake mbele ya ofisa wa serikali na kumtaka ajaribu kuchukua kifaranga kimoja, ili aone mama atakavyofanya. Alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, mwenzake katika upinzani, wakapelekwa uhamishoni magharibi mwa nchi. Wakatoroka na kurudi kwa miguu, safari ya mamia ya kilomita. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, kwa baruti, na vita vikazuka. Mekatilili alikamatwa tena, lakini baadaye alirudi kwao na kufariki katika miaka ya 1920. Kaburi lake liko Bungale, Magarini, na sherehe za kumkumbuka hufanyika mwezi wa Agosti. Anayekuja katika msimu wa kusi, bahari ikiwa imechafuka, ana sababu hii nzuri ya kutojuta.

Hatua ya sita: Siku ya bahari

Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi ilianzishwa mwaka 1968, na pamoja na ile ya Watamu ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika. Lango lake liko kusini mwa mji, penye miti ya mivinje. Fuata utaratibu huu. Kwanza, fika langoni saa moja na nusu au mbili kabla ya maji kupwa kabisa. Pili, lipa kiingilio cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori kwa njia ya kielektroniki, kwa maana fedha taslimu hazipokewi. Sajili akaunti yako hotelini usiku uliotangulia ili usihangaike na mtandao langoni. Tatu, patana na nahodha mwenye kitambulisho juu ya mambo matatu kabla ya kupanda: muda, idadi ya watu na kama miwani na mrija wa kupumulia vimo ndani ya bei. Asiyejua kuogelea achague boti yenye sakafu ya kioo, na avae jaketi la kuokolea hata kama wengine hawavai.

Ukiwa majini, usikanyage tumbawe hata mara moja. Matumbawe ya hapa yaliumia vibaya mwaka 1998, maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi wakati wa El Niño na sehemu kubwa ikapauka na kufa. Yanayoota sasa yanakua kwa mwendo wa sentimita chache kwa mwaka, na unyayo mmoja huvunja kazi ya miaka. Baadhi ya manahodha hurusha mkate ili samaki waje karibu. Mwombe wako asifanye hivyo, mwambie kwa upole kwamba utaridhika na samaki watakaokuja wenyewe. Watakuja. Vaa fulana ya mikono mirefu badala ya kujipaka mafuta mengi ya jua, na vaa viatu vya maji kwa sababu nyufa za mwamba zina viumbe wenye miiba mirefu.

Ukimaliza, maji yatakuwa yanaanza kujaa na upepo kuongezeka. Huo ni wakati wa chakula: wali wa nazi na samaki wa kupaka. Malindi pia ina jamii kubwa ya Waitaliano waliohamia hapa tangu miaka ya 1960 na 1970, na tambi zao na aiskrimu zao ni sehemu halali ya mji wa leo. Wachuuzi wengi wa ufukweni huzungumza Kiitaliano kwa ufasaha.

Hatua ya saba: Gede, asubuhi ya maji mafu

Magofu ya Gede yako takriban kilomita 16 kusini, karibu na njia ya kuelekea Watamu. Panda matatu hadi Gede, kisha tembea au uchukue bodaboda. Mji huu wa Waswahili ulistawi kuanzia takriban karne ya 12 hadi ya 17, ukiwa na jumba la mtawala, msikiti mkuu, nyumba za mawe zenye visima na vyoo, na kuta mbili za ulinzi. Mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimbua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 UNESCO iliutia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kaburi moja lina maandishi ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399, na limekuwa msingi wa kukadiria umri wa majengo mengine. Chukua kiongozi wa hapo, kwa sababu bila maelezo utaona kuta tu. Naye atakuonyesha mahali palipopatikana vyombo vya kauri kutoka China na shanga kutoka Venice, ushahidi kwamba watu waliolala katika vyumba hivi vyembamba walifanya biashara na dunia nzima.

Mji huo haukuwa ufukweni, na kwa nini ulihamwa ni suala linalojadiliwa hadi leo. Wapo wanaotaja visima kukauka, wapo wanaotaja uvamizi, na yamkini sababu zilikuwa nyingi. Mwombe kiongozi akupeleke kwenye kisima kikubwa kilicho karibu na msikiti, uchungulie kina chake, kisha ujiamulie.

Kabla ya kuondoka, pita kwenye mradi wa Kipepeo ulio palepale. Tangu mwaka 1993 mradi huu umenunua pupa wa vipepeo (viwavi waliojifunga kabla ya kuwa vipepeo) kutoka kwa wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na kuwauzia wanaowaonyesha ng'ambo, hivyo msitu uliosimama umekuwa na thamani mfukoni mwa jirani yake. Chakula chako kifiche, maana kima wa Gede wamezoea kupekua mikoba.

Hatua ya nane: Vuka Sabaki

Siku ya mwisho kodi gari au tuktuk imara uelekee kaskazini. Simama kwanza karibu na mlango wa mto, ambako ndege wa majini hukusanyika kwa wingi na viboko huonekana mara kwa mara. Usishuke hadi kingoni bila mwenyeji. Kisha endelea hadi Mambrui, takriban kilomita 15 kutoka Malindi, mji mtulivu wa chuo na dini wenye kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za kauri za Kichina. Wachimbaji wa Kenya na China walipata katika eneo hili mwaka 2010 sarafu ya enzi ya mfalme Yongle wa China. Ni mfalme huyohuyo aliyepelekewa twiga kutoka Malindi mwaka 1415, na watu wake wakamshangilia twiga huyo wakidhani ni qilin, mnyama wa baraka wa hadithi zao. Miaka michache baadaye merikebu za Zheng He, amiri wa mfalme huyo, zilifika pwani hii.

Mbele zaidi ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi na mashamba ya chumvi. Baharini utaona vyuma vya jukwaa la San Marco, ambalo Waitaliano walilitumia kurusha setilaiti kuanzia mwaka 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka anga za mbali, nayo ikapewa jina la Uhuru. Jukwaa hutazamwa kwa mbali tu, lakini inafaa kujua kwamba neno la Kiswahili lilifika angani likitokea hapa.

Mchana ukipungua, geuza gari kuelekea bara hadi Marafa, ukaone korongo ambalo Wagiriama huliita Nyari, yaani mahali palipobomoka penyewe. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na matajiri waliooga maziwa huku jirani zao wakilala njaa, na ardhi ikawameza. Mistari myeupe ya mwamba ni maziwa yao na ile myekundu ni damu yao. Ni mawe ya mchanga yaliyochongwa na mvua na upepo, na mvua huendelea kuyachonga kila mwaka, kwa hiyo usipande kwenye kingo. Fika saa kumi jioni na ushuke pamoja na kiongozi wa kijiji, kwani ada inayolipwa hapo huisaidia jamii ya Marafa. Beba maji ya kutosha na viatu vilivyofungwa. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na dakika ishirini za mwisho ndizo rangi hukolea kabisa. Zitazame ukiwa tayari umepanda juu, gari likiwa karibu, kwa kuwa barabara ya kurudi ina vumbi, haina taa, na mbuzi huivuka hata usiku.